Siku Niliposimama Katika Mashamba Matano

Zimeni hiyo redio, wanangu, mje karibu, na wewe Austine iweke hiyo simu mfukoni, kwa sababu anayekupigia atapiga tena kesho, nami sina hakika kama kesho nitakuwepo kukukemea. Nataka kusema, na nikianza sitaki kukatizwa, maana pumzi niliyo nayo ni ya kuazima na mwenyewe yuko mlangoni. Huyu kijana mwenye miwani aliyeketi karibu na dirisha anaitwa Onyancha. Ni karani wa wakili kule Migori, kwao ni Kisii, hajui Kijaluo wala Kisuba, na ndiyo sababu leo nasema Kiswahili nyumbani mwangu kama mtu aliyeitwa kwa chifu. Yeye ataandika kila ninachosema. Nimechagua mtu asiye wa ukoo wetu ili baadaye asije mmoja wenu akasema mzee alikuwa anaweweseka, au kwamba alitaka kusema vile na si hivi. Siweweseki. Daktari alisema moyo ndio umechoka, hakutaja kichwa.

Tangu juzi mmekuwa mkibishana juu ya kitanda changu kana kwamba mimi ni meza. Wewe Millicent umetoka Homa Bay kwenye semina ya jamii ndogo ndogo, na makaratasi yako yana swali moja kubwa juu: kwa nini watu kama sisi Wasuba, na wengine ambao kila wakihesabiwa hujazwa kwenye mstari wa chini, wanabaki maskini ilhali ziwa ni lile lile na mvua ni ile ile. Mlikaa siku tatu, mkala kuku wa hoteli, mkapata sababu kumi na moja. Nimezisikia zote, ulizisoma kwa sauti ya mtu anayetangaza matokeo ya kura. Serikali imetusahau. Lugha yetu imemezwa. Shule ziko mbali. Wenye idadi ndio wenye madiwani, na wenye madiwani ndio wenye barabara. Naye Austine, ambaye tangu utotoni hakubali jambo kabla hajalipiga teke, akasema hayo yote ni porojo, watu wetu ni maskini kwa sababu wanakula leo wakisahau kesho, na kwamba yeye alianza na mikono mitupu na sasa ana malori mawili ya kubeba omena hadi Migori na mpakani. Dada yenu Damaris akaulizwa maoni yake, akasema mahindi hayajapaliliwa, akatoka na jembe.

Nisiwadanganye, nilifurahi. Mtu anayekufa huku watoto wake wakibishana juu ya jambo la maana ni mtu mwenye bahati. Jirani yetu kule ng'ambo ya kijito alikata roho wanawe wakibishana juu ya godoro, naye yuko juu yake. Niliwasikiliza nikajiambia, Nicodemus, hukuzaa mawe. Lakini mlipofika kwa Risper nikafumba macho, mkadhani nimelala.

Risper mnamjua. Ni binti ya marehemu Elkana, rafiki yangu niliyevua naye, na alikulia kisiwani Takawiri, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Wewe Millicent mlisukana naye nywele. Leo anauza mahindi ya kuchemsha karibu na stendi ya Migori, anakaa chumba kimoja na wanawe, na mvua ikinyesha huhamisha kitanda. Mlimtumia kama mfano. Millicent ukasema Risper ni maskini kwa sababu mila zinamnyima binti ardhi, na kwa sababu mkiwa wachache mkilia hamsikiki. Austine ukasema angejiunga na chama cha akiba mapema angekuwa na kibanda chake. Mkabishana hadi chai ikaota ngozi. Nami nimelala hapo, mjuzi wa jambo zima, nimenawa mikono kama Pilato. Basi leo nasema. Sababu ya umaskini wa Risper haiko kwenye karatasi za semina. Imelala kwenye kitanda hiki, imevaa sweta ya buluu, na asubuhi imekunywa uji wenu.

Ketini. Damaris, hata wewe.

Ninyi mmekula omena na kuuza omena lakini hamkuvua, kwa hiyo nitawaeleza kama ninavyomweleza huyu Mkisii. Omena, hao dagaa wetu wa ziwani, huvuliwa giza la mwezi. Unawasha karabai juu ya maji, omena wanaifuata taa, wavu unawazunguka. Mwezi ukiwa mkubwa omena hawana haja na taa ya mtu, basi wavuvi wanarudi nyumbani. Sisi watu wa Takawiri, kwa hiyo, hatukuwa na Januari wala Februari. Tulikuwa na giza na mbalamwezi. Giza ni kazi. Mbalamwezi ni kila kitu kingine: kuoa, kuzika, kukandika nyumba, kusuluhisha kesi, kwenda kanisani na kuzaa watoto. Mama yenu Filister nilimposa mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza giza liliingia kabla wajomba zake hawajamaliza maswali yao, nikawaacha wameketi na soda mkononi nikakimbilia mtumbwi. Hawakukasirika. Mjomba mmoja alipanda mtumbwi nami.

Mwaka ambao wewe Millicent ulikuwa unatambaa, barua ililetwa kisiwani. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa ufuo kwa sababu nilifika darasa la saba, wengine walifika mlangoni. Barua ilisema watu wa kupima ardhi watafika huku Kisegi tulipo leo, nchi kavu, tarehe fulani, kila mwenye shamba la baba yake ahudhurie apimiwe na aandikiwe. Huku ndiko babu zetu walikolima kabla samaki hawajawavuta kisiwani. Tulikuwa wanaume watano wenye mashamba yaliyopakana: mimi, Elkana, Okinyi, Wasamo na Nyakwaka, na kufika huku kwa makasia ni safari ya siku nzima ikiwa upepo una adabu. Niliwasomea barua pale mchangani, neno kwa neno. Elkana akauliza swali moja tu: tarehe hiyo mwezi uko wapi? Tukahesabu kwa vidole. Ilikuwa katikati ya giza. Tena lilikuwa giza ambalo sijaona jingine, omena walikuwa wengi hadi nyavu zinachanika na wanawake hawana mahali pa kuanika. Tukatazamana, tukakubaliana wote watano kwamba bila shaka hao wapimaji watangoja mbalamwezi, kama afanyavyo kila mtu mwenye akili. Hakuna aliyesema kinyume, hata mimi katibu niliyekuwa na kalamu sikioni.

Haya, Austine mwanangu, huo ni uvivu? Watu wako majini, wanafanya kazi hadi mikono inatoka damu. Na wewe Millicent, huo ni uonevu? Barua ililetwa, ina muhuri, imesomwa. Ni ujinga? Nilijua kusoma, na nilisoma vizuri. Mimi nimelitafuna jambo hilo miaka arobaini na naona hivi: wengi wakiwa na mwezi wao, ofisi hujifunza kuufuata, ikafunga siku zao na kufungua siku zao, lakini wachache wakiwa na mwezi wao, ofisi haijui hata kwamba upo. Wala haitakuuliza. Na wewe uliye mchache, kwa kuwa kila unayemjua anaishi kwa mwezi huo, unadhani dunia nzima inauona. Hiyo waandikie huko Homa Bay iwe sababu ya kumi na mbili. Lakini ya kumi na tatu inakuja, nayo ni chungu zaidi.

Siku mbili kabla ya wapimaji, kioo cha karabai kilinipasukia mkononi. Kovu ni hili. Nikawa sina kazi mtumbwini, wakanipakia kwenye mashua ya abiria nije Kisegi, shangazi yake mama yenu anitibu kwa mafuta yake ya kondoo. Nikafika, nikapanda kilima, nawaona watu na minyororo yao ya kupimia, kofia vichwani, na jirani yetu mmoja amevaa gambuti na amebeba vigingi vya mkonge begani. Jina lake sitalitaja, alikufa zamani nami namfuata, sitaki nimkute amenuna. Yule mkubwa wa wapimaji alikuwa anatangaza kwa Kiswahili: mwenye shamba asimame kwenye shamba lake, na shamba lisilo na mtu ataandikiwa yule anayelidai aliye karibu. Jirani akasogea. Wanangu, nilizisikia zile pumzi za waliotutangulia zikinisukuma mgongoni. Usipokuwepo na lako halipo, wahenga walisema, lakini hawakusema unafanyaje ukiwepo wewe na wenzako wanne wako ziwani.

Nikasimama kwenye shamba letu. Wakapima. Walipovuka kwenda la Elkana, nikawatangulia mbio, mkono umefungwa jani la mgomba, nikasimama katikati. Langu, nikasema. Akaandika. La Okinyi, nikaruka mfereji, langu. La Wasamo, nikafika nimepoteza kiatu kimoja, langu. Walipofika la Nyakwaka yule bwana akaweka kalamu chini, akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye mguu usio na kiatu, akaniuliza, mzee, yote haya unayalima peke yako? Nikamjibu, nina wake watano. Akacheka, akaandika. Jioni habari ilikuwa imefika sokoni, na mama yenu, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuwa na mke mwenza, aliulizwa miaka mitatu hao wengine wanne amewaficha wapi.

Onyancha anacheka. Cheka, mwanangu, lakini kalamu isisimame.

Mbalamwezi ilipotoka wenzangu walirudi. Nikawaambia yaliyotokea, kwamba mashamba yote matano yameponea chupuchupu, yako katika karatasi moja yenye jina langu, na tukipata nafasi tutaenda ofisini kila mtu atolewe lake. Walinibeba mabegani. Mbuzi alichinjwa. Elkana, ambaye alikuwa mtu wa maneno machache, alisimama na mfupa mkononi akasema, mimi sina haja ya kwenda ofisi yoyote, Nico ndiye karatasi yetu. Na wote wakasema naam. Hakuna siku niliyokuwa mtu mkubwa kuliko siku ile, na nawaambia kweli, nilikusudia mema. Andika hilo, Onyancha. Kisha andika kwamba mema yale yalioza mikononi mwangu kama samaki aliyesahauliwa kwenye kapu.

Hayakuoza siku moja. Ofisini hatukwenda, maana kila mbalamwezi ilikuwa na harusi au mazishi yake. Wasamo akafuata samaki upande wa Musoma, akakaa huko. Okinyi na Nyakwaka wakazeeka kisiwani. Elkana akaugua tumbo, akafa, nami ndiye niliyeshika kichwa chake. Tukahamia huku, tukajenga, na shamba likikaa bure mbele ya macho yako linakuita. Nikalima kidogo kwa Okinyi, nikisema nalilinda lisiingie magugu. Nikakata miti kwa Wasamo, nikisema atakuja nimweleze. Kwanza nilikuwa nasema shamba la Wasamo. Baadaye nikaanza kusema kule juu. Baadaye nikasema kwangu, na hakuna aliyenisahihisha, kwa sababu aliyekuwa akijua kusoma barua alikuwa ni mimi.

Sasa tuzungumze ukweli, maana mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kifo kimeshavua viatu. Millicent, ada yako ya chuo ilitoka kwenye mahindi ya Okinyi. Wewe unayewatetea wanyonge kwa kipaza sauti, mnyonge mmoja alikulipia ada bila kujua. Usilie, mama, hukuwa na habari. Austine, unasema ulianza na mikono mitupu. Mashua yako ya kwanza niliinunua kwa mikaratusi ya Wasamo, yote, hadi visiki. Mikono yako haikuwa mitupu, baba, ilikuwa imejaa miti ya mtu. Sisemi hukufanya kazi. Umefanya kazi kama punda na ninakusifu mbele ya watu. Ninasema tu kwamba ukiwaona wale watoto wa Wasamo wamekuja kukuomba kazi ya kupakia magunia, usiwaambie habari ya bidii. Na wewe Damaris, nyumba hii, zizi, choo, na hapa kitanda hiki kiliposimama, ni shamba la Elkana. La Risper.

Maana Risper alikuja. Miaka kumi na miwili iliyopita, mumewe amezikwa, shemeji zake wamemtoa na watoto na masufuria, alipanda kilima hiki akaketi hapo sebuleni. Mama yenu alimpikia. Akala kidogo, akaniuliza kwa heshima zote, baba, nilisikia nikiwa mtoto kwamba babangu alikuwa na shamba Kisegi, unaweza kunionyesha liko upande gani? Alikuwa ameketi juu yake. Nami, wanangu, mzee wa kanisa, mtu wa Sabato miaka hamsini, nilimtazama nikamwambia, Elkana hakuwa na shamba, binti yangu, alikuwa na wavu. Aliweka tonge chini. Akanawa. Akaniaga vizuri, akachukua watoto wake, akashuka.

Mama yenu hakunigombeza. Ninyi mlidhani ule ukimya wake wa miaka ya mwisho ni sukari. Aliniambia neno moja tu, tena akiwa anachambua mboga: Nico, ulikuwa karatasi yao. Nilimtoroka nikaenda kuangalia ng'ombe. Naona haya hadi leo, nayo haya ya uzeeni haina dawa, inakaa nawe ikikusikiliza ukikohoa.

Basi ninyi mlipomjadili Risper mkatafuta sababu zake Nairobi na mbinguni, mimi nilikuwa nakumbuka ule mkono ukinawa. Sababu zako kumi na moja, Millicent, zote ni za kweli, usizifute. Tumesahauliwa, kweli. Tumekuwa wachache, kweli. Nimeona mikutano yetu ikiendeshwa kwa Kijaluo, hukumu ikiandikwa kwa Kiingereza, na sisi wenyewe tukicheka ili tusionekane hatujui. Hata Austine ana kweli yake, wapo wanaokula mbegu. Lakini nyani haoni kundule. Jamii ndogo ikibanwa humsukuma mmoja wao mbele, yule aliyesoma, asimame kwa niaba ya wote, na ni lazima asimame, la sivyo wote wanakosa. Kazi ngumu inakuja baadaye, siku ya kuketi. Mimi sikuketi. Hiyo ndiyo ya kumi na tatu, na iandikwe kwa jina langu, Nicodemus, nisifichwe kwenye maneno ya semina.

Nipeni maji. Asante. Huyu Damaris hujua kuinua kichwa cha mtu bila kumvunja shingo.

Sasa mali. Wiki iliyopita walikuja vijana na vyombo vya miguu mitatu, Damaris ukawapa chai ukidhani ni watu wa umeme. Walikuwa wapimaji, niliwaita mimi. Vigingi viko chini. Shamba limegawanywa mara tano kama lilivyokuwa, kwa mipaka ninayoikumbuka mimi na mzee Nyakwaka, ambaye haoni tena lakini alitembezwa akapapasa mawe ya mpaka kwa mkono na hakukosea hata moja. Sehemu nne zinarudi kwa wenyewe. Ya tano ni yetu. Najua mnataka kuuliza ni ipi. Ni ile ya chini, ya mawe, kenge wanakoota jua. Babu yenu alichelewa siku ya kugawana, akapewa iliyobaki. Austine, usikunje uso, ni urithi halali, wa baba hadi mwana, na hakuna atakayewahi kuudai.

Ng'ombe mwekundu ni wa Damaris kwa sababu anazijua hasira zake. Yule mweupe auzwe, arobaini yangu isiwe ya mikopo. Mabati ya nyumba hii msiyang'oe. Nyumba na shamba ni vya Risper, kama atataka Damaris akae wapatane wao wenyewe kwa mdomo wa upole, kama hataki basi Damaris ajengewe kule chini na kaka yake mwenye malori mawili. Biblia apewe Millicent, asome pia zile kurasa nilizopiga mstari, si zile anazozipenda tu. Sweta nizikwe nayo. Na mimi msinizike hapa mlangoni kama wazee wenye miji yao. Hapa si kwangu. Nizikeni kule kwenye mawe. Mtachimba kwa sururu siku mbili na mtanilaani, nitasikia, sitajali.

Austine, kaa chini. Najua kuhusu yule mwekezaji wa hoteli mwenye kofia ya majani, aliyetembea hapa akipima kilima kwa macho. Mmeshikana mikono. Uachie mkono wake. Kama anapenda mawe na kaburi moja, mwambie aje mzungumze. Sikukasirikii, uliahidi kitu ulichodhani ni cha babako. Jana hukujua, leo unajua, na kwa hiyo leo ni wewe unayepimwa, si mimi. Mimi nimeshaweka kidole kwenye fomu zote nne, wino huu hapa. Kwa sheria inatosha, lakini naijua korti. Nikifunikwa tu na udongo, mtoto mmoja akisema mzee alilazimishwa, kesi itasimama hapo hadi Risper awe bibi asiye na meno. Nataka saini zenu ninyi watatu, mkiwa na akili zenu, mbele ya huyu karani. Ninachoogopa katika kufa ni hicho tu. Malaika nitaongea nao.

Damaris ameshaweka saini. Hata udongo wa mikono hajanawa, tazama karatasi ya watu. Asante, mama. Millicent. Soma kwanza, wewe ni msomi. Haya. Futa uso. Nimewaudhi nyote leo na bado mnanishika mkono, sijui niliyatenda wapi mema haya.

Austine.

Unanitazama kama mamako. Nikuambie jambo kabla hujaamua, maana sauti inaniishia. Wale watu walio nje chini ya turubai si wa maombi, kama mlivyoambiwa. Niliwaita mimi. Yule kipofu ni Nyakwaka. Wale wawili warefu ni wana wa Wasamo. Yule mwalimu ni mjukuu wa Okinyi. Na yule aliyekaa peke yake kwenye kiti cha plastiki karibu na ua, aliyekataa chakula, ni Risper. Wazee wetu walisema watu wenye neno la ardhi kati yao wasile chombo kimoja kabla neno halijatolewa, la sivyo chira, laana ya kuvunja mwiko, huwaandama watoto. Millicent ataniambia ni ushirikina. Sawa, lakini miaka kumi na miwili Risper hajaonja chakula chetu, hata kwenye mazishi ya mamako alikuja na maji yake kwenye chupa. Mimi siwezi kutoka nikamwambie. Miguu imekataa. Anayeweza ni mkubwa wa nyumba hii, akitoka na sahani kwa mikono yake, akalitoa neno.

Siwezi kukulazimisha. Ukitaka kwenda zako...

Ametoka. Hakuweka saini? Onyancha, ameweka? Hukuona vizuri, miwani yote hiyo. Nimesikia lori? Hilo ni lori lake? Damaris, nenda dirishani unieleze, usinipambie. Amepita jikoni. Amebeba nini? Sema polepole, masikio yangu yako mbali. Ugali na samaki. Anawapita wengine. Ameinama. Mtu mzima yule, na tumbo lile, ameinama. Anasema nini? Ah, huwezi kusikia kutoka hapa. Yeye Risper anafanyaje? Anamtazama tu. Mwache amtazame. Ana haki ya kumtazama hadi jua lizame.

Amenawa? Nani, Risper? Umeona maji yakimwagika. Na Austine amenawa. Sasa nani amemega kwanza...

Sema upesi, mwanangu, nina haraka.

Wote wawili. Vema. Vema sana. Neno limetolewa, na saini, kama hakuiweka, ataiweka.

Basi njooni, wekeni vichwa hapa. Mikono ni mizito, mniwekee wenyewe juu. Mungu wa babu zangu, aliyewalinda watu wachache katikati ya maji mengi, awape... awape watoto wanaobishana. Msipungukiwe. Mkisimamia la mtu, mjue kuketi. Filister atauliza, nitamwambia. Na watakaowafuata wakute... nimesahau neno. Wakute mlango uko wazi, basi. Amina.

Mwambie Austine akirudi aje na sahani ile ile, wasiioshe. Nina njaa. Siku ya nne hii sijasikia njaa, nilidhani imeshatangulia. Tonge moja tu, dogo, lililopita kwenye mchuzi. Na hilo, Onyancha, usiliandike.